Sauti Iliyomgeuza Msabah

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa mashindano yetu, Sheha wetu, Kocha Mkubwa, ambaye ukubwa wake umeishia kwenye jina, wazee wetu wa Kendwa mliotoka kaskazini huko tangu asubuhi, Ndugu wageni waalikwa, wachezaji wenzangu wa timu ya Pweza, na miye mwenyewe, Ubwa wa Mlandege, mlinzi bora wa mpira wa kikapu kuliko wote waliopata kuzaliwa Unguja, na Pemba mtanisamehe: asalaam alaykum.

Msicheke. Nimejitaja kwa haki. Nani humu ndani amewahi kumsimamisha Msabah? Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja, na huo ni wangu. Nina mita moja na sentimita sitini na mbili, tena nikiwa na viatu, na nimemsimamisha mtu wa mita mbili na sentimita kumi na moja bila kumgusa, bila kuruka, bila hata kutoa jasho. Yule pale mbele, magoti yamemfika kidevuni kwa sababu viti hivi vilitengenezwa kwa ajili ya binaadamu.

Tumekusanyika kumuaga. Ameitwa Uturuki, klabu imeshamtumia tiketi, ndege ni Ijumaa. Picha zimepigwa, biriani imeliwa, na kila mtu humu ndani anajua jambo ambalo hakuna anayelitaja: begi la Msabah halijafungwa. Haondoki. Haondoki kwa sababu bibi yake aliyemlea, Bi. Mwanapili, yule pale aliyejitanda kanga ya kijani, hajampa radhi. Na Msabah ni mtoto aliyelelewa. Bila radhi ya bibi yake hapandi ndege, hata rubani aje amfunge mkanda kwa mkono wake.

Kocha, usinikonyeze. Nimeshasema.

Hotuba niliyoandika ilikuwa nyengine kabisa, karatasi nne, zote za kujisifu. Leo asubuhi Radhiya, binamu yake Msabah, alikuja dukani ninapouza makava ya simu, akaniambia maneno machache, nami nikakaa chini sakafuni mpaka wateja wakadhani nimeshukwa na sukari. Karatasi nimezichana. Nitasema kwa kichwa, na kichwa chenyewe skuli kilitoka kidato cha pili, kwa hivyo panapovuja mtanivumilia.

Mara ya kwanza tulipokutana na Msabah, miaka mitatu iliyopita, aliingia kiwanjani kwetu Amani na timu yake ya Kendwa, akainamisha kichwa mlangoni. Mlango ule, ndugu zangu, kabati la milango mitatu linapita limesimama. Nikamuuliza Kocha Mkubwa:

"Nani anamkaba yule?"

"Wewe."

"Kwa ngazi?"

Kocha akatufundisha kama vitabu vinavyosema. Senta mrefu, alisema, humzuii akishapata mpira, unamzuia kabla. Msukume mbali na kikapu, apokelee kule nje ambako urefu wake haumsaidii. Basi tukamwegemea mgongoni, miye na wenzangu wawili. Mmewahi kuusukuma ukuta wa Ngome Kongwe? Ukuta ule angalau haugeuki kukuuliza, "Samahani kaka, nimekukanyaga?"

Tukahamia mbele yake, tumzibe asirushiwe mpira. Wakaurusha juu, kule ambako miye sijafika hata kwa ndoto, akaudaka kwa mkono mmoja kama mtu anayeshusha kofia yake juu ya kabati. Tukamletea watu wawili kila akigusa mpira. Yeye akawa anaangalia juu ya vichwa vyetu, anamwona mwenzake Masoud amesimama pembeni peke yake, anampelekea, Masoud anafunga. Tukamletea watatu, Masoud akawa na nafasi ya kufunga kamba za viatu kwanza. Tukamchezea faulo makusudi, maana mitupo huru hakuwa akiijua. Mwezi mmoja tulifurahi. Mwezi wa pili akatia kumi na moja katika kumi na mbili, na ule mmoja uliokosa akautizama kama mtu aliyevunja kikombe cha wageni.

Ndipo tukamwita Mzee Borafya. Simama wakuone, mzee! Fundi cherahani, miaka hamsini na moja, ndevu za hina, zamani senta. Mbinu hii ilikuwa yangu, na Kocha asijidai. Sheria inasema mshambuliaji asikae ndani ya kile chumba chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Sasa Msabah anaingia chumbani, anageuka apokee mpira, uso kwa uso na mtu wa umri wa baba yake. Atafanya nini? Atampiga kiwiko?

"Shikamoo, mzee."

Mzee Borafya kimya. Anamtizama tu, kama anatafuta miwani. Msabah naye mikono chini, anasubiri, maana hawezi kumruka mzee ambaye hajamwitikia. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Refa: piii! Mpira wetu.

"Marahaba, mwanangu," anasema Mzee Borafya. "Hujambo?"

Mara nne, Mheshimiwa! Mara nne katika robo moja! Watazamaji walikuwa wanalala juu ya mabenchi kwa kicheko. Mechi iliyofuata, timu zinapasha misuli, Msabah akavuka kiwanja chote akaja upande wetu, akaushika mkono wa Mzee Borafya kwa mikono miwili na kuubusu. "Shikamoo mzee, na hii ni ya mechi nzima." Akamfunga pointi thelathini na nane. Unamfanya nini mtu kama huyo, ambaye adabu yake ni ndefu kuliko mwili wake?

Jibu nililipata Kendwa, kwenye mechi ya kirafiki. Kiwanja chao kimepakana na ua wa nyumba ya Bi. Mwanapili. Miye sikumwona, nilimsikia. Dakika za mwisho Msabah kapokea mpira, karuka, mkono uko juu ya ringi, nami nshainama nisiangukiwe. Mara kutoka nyuma ya ua ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, nyembamba, inayopanda mwishoni kama inauliza:

"Msabaaah? We Msabah?"

Wallahi nilidhani macho yangu yameharibika. Mtu yuko hewani! Akashuka na mpira wake, hakufunga, akageuka. "Naam, bibi!" Akamkabidhi refa mpira kwa adabu zote na kutoka mbio. Alirudi baada ya dakika nne, viganja vimejaa unga, kumbe alikwenda kushusha gunia.

Wenzangu walicheka. Miye sikucheka. Miye nilikuwa nairudia ile sauti moyoni.

Mnanijua, naiga kila mtu. Nimewahi kumwiga Kocha Mkubwa kwenye simu mpaka mkewe akaniagiza nipitie mkate. Wiki mbili nilifanya mazoezi dukani. Nusu fainali ya mwaka jana, kila Msabah akipokea mpira pazuri, miye nyuma ya mgongo wake: "Msabaaah? We Msabah?" Naye: "Naam, bibi!" Mara ya kwanza mpira ulimponyoka. Mara ya pili ulimgonga sikioni ukatoka nje. Mara ya tatu, zimebaki sekunde tisa, aligeuka moja kwa moja kuangalia watazamaji, anamtafuta bibi yake, na Pweza tukaondoka na mpira na ushindi wa pointi moja. Nilibebwa. Mlandege walininunulia urojo siku tatu. Hiyo ndiyo sifa niliyoingia nayo humu leo kifua mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sifa yangu ilipoharibika.

Fainali mwezi uliopita, pale pale Amani. Sauti nilikuwa nimeihifadhi kwa robo ya mwisho. Robo ya tatu Kocha kanipumzisha, nimekaa benchi nakunywa maji, na Msabah kapokea mpira chini ya kikapu. Mara nikasikia, nyuma ya ringi:

"Msabaaah? We Msabah?"

Msabah hakugeuka. Akafunga. Ikaja tena, karibu zaidi: "Msabah, mwanangu?" Hakugeuka. Ikaja mara ya tatu, naye akaniangalia miye pale benchi, akacheka, akasema kwa nguvu watu wote wasikie, "Leo hunipati, Ubwa!"

Na miye mdomo umejaa maji.

Unajua nilifikiri nini, Mheshimiwa? Nilifikiri mmoja wa wachezaji wetu wa akiba amejifunza kwangu. Nilijivuna! Nilijiambia, sanaa yangu imepata wanafunzi. Sikugeuka hata kuangalia nani kaita.

Leo asubuhi Radhiya kaniuliza, "Ubwa, siku ya fainali wewe ulimwita Msabah?"

"Sikuwahi. Nilikuwa nakunywa maji."

Akanitizama, nikaona macho yake yanajaa. "Basi ni kweli, alikuwa bibi mwenyewe."

Bi. Mwanapili, ambaye hajawahi kutia mguu kiwanjani, siku ile alitoka Kendwa na sinia ya mikate ya ufuta iliyofunikwa kawa, bado ya moto. Miezi mitatu alikuwa hataki kusikia habari za Uturuki. Siku ile alikuwa ameridhika. Alikuja kumwambia Msabah, nenda, nimekupa radhi. Hakuweza kusubiri mechi imalizike. Angengoja vipi, mtu aliyekaa na neno hilo miezi mitatu? Alimwita mara tatu. Mara tatu, hatua kumi kutoka alipo. Mjukuu akacheka mbele ya kadamnasi na hakumwitikia. Akamwachia mama mmoja sinia ya mikate ampe Msabah, akarudi zake.

Na kwa nini Msabah hakugeuka? Radhiya kanieleza hilo pia, nami nilitamani sakafu ya duka inimeze. Baada ya nusu fainali ile, Msabah alimsimamisha Radhiya nyuma yake pwani, kila jioni, amwite kwa sauti ya bibi wakati anatupa mpira. Akigeuka, anakimbia pwani nzima kwenda na kurudi. Jioni ya kwanza alikimbia mpaka akatapika. Mwisho wa mwezi hakugeuka hata mara moja. Mtoto aliyekuwa akishuka kutoka hewani kuitikia, alijifundisha uziwi kwa ajili yangu.

Msabah alipokabidhiwa ile mikate akagundua, akaenda kumpigia bibi magoti. "Bibi, nilidhani ni Ubwa."

"Ubwa ni nani? Mwanamke?"

"Mwanamme, bibi."

"Mwanamme mwenye sauti yangu? Usiniongezee uongo juu ya utovu wa adabu. Asiyeniitikia nipo hapa, nikimwita yuko Uturuki ataitika?"

Bi. Mwanapili, shikamoo.

Naisubiri. Hata ikizidi sekunde tatu, naisubiri.

Ahsante, bibi.

Mjukuu wako hakukudanganya. Huyo Ubwa ndiye miye. Naomba unipe ruhusa nikukosee mara moja ya mwisho, mbele ya Mgeni Rasmi na watu wote hawa, kwa sababu ukinisikia kwa masikio yako hutahitaji kuniamini kwa maneno. Msabah, kaa ulivyokaa. Angalia mbele.

"Msabaaah? We Msabah?"

Mmesikia? Mbona leo hakuna anayecheka? Mheshimiwa umegeuka. Sheha kageuka. Kocha kageuka. Bi. Mwanapili ameshika shavu. Ukumbi mzima mmegeuka, isipokuwa mtu mmoja. Itizameni shingo ile. Haikutikisika. Hiyo ni kazi yangu.

Nimeingia hapa najiita mlinzi bora wa Unguja. Fainali tulifungwa kwa pointi ishirini na mbili, na hapo hapakuharibika kitu, ilikuwa haki yao. Kilichoharibika ni kimoja. Katika Unguja yote palikuwa na sauti moja tu iliyoweza kumteremsha Msabah kutoka hewani, nayo ilikuwa ya bibi yake. Miye nikaichukua, nikaitumia kupata mpira wa kurusha pembeni. Sikumzuia Msabah. Nilimzuia bibi kumfikia mjukuu wake. Sikuwahi kusema hili mahali popote, na nimelisema hapa kwa sababu ndege ni Ijumaa.

Naapa mbele yenu sauti ile haitoki tena kinywani mwangu, si kiwanjani, si dukani, si kwa mzaha. Kuanzia sasa, Msabah, ukiisikia, ni ya mtu mmoja tu. Geuka.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Bi. Mwanapili, mwite. Miye nshanyamaza.