Walishwe Sahani Moja

Pale mtaani Bombambili, kwenye benchi la fundi baiskeli anayeitwa Spoku, ubishi huanza kabla kahawa ya Bi Zuhra haijachemka. Jioni hiyo alikuwepo pia Profesa, dereva mstaafu wa lori asiyewahi kukiri kwamba kuna jambo halijui, na Hironimus, aliyeshika kikombe bila kunywa. Jumamosi alimkuta binti yake Ida, wa miaka sita, kichwa kimezamishwa kwenye ndoo ya maji. Aliyemkandamiza ni Valence, mvulana aliyemzidi umri, mtoto wa marehemu dada yake Hironimus, wanayeishi naye. Ida alikuwa ameshaacha kurusha miguu. Tangu hapo Hironimus hali akashiba. Hata paka akiruka juu ya bati, moyo unampasuka.

— Watoto hao, Hiro, — Spoku akasema. — Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.

— Vikombe havizamishani! — Bi Zuhra akamkata. — Mwenyewe alisemaje?

— Eti alitaka kuona kama Ida atanyamaza, — Hironimus akajibu. — Hakukimbia. Alinitazama tu.

Profesa akarukia.

— Ni jina hilo! Si mlimrithisha la babu yenu mwua chui? Damu inatafuta kazi.

— Babu alikuwa katekista, Profesa.

— Basi ni maji ya bomba. Yana dawa siku hizi, mtoto akiyakodolea macho yanamwita.

— Mfundishe Ida kuogelea, — Spoku akadakia. — Samaki mkunje angali mbichi!

Wakacheka. Hironimus alijaribu kucheka, ikashindikana.

— Valence akipita karibu, Ida anajikojolea, — akasema. — Naogopa, jamani. Naogopa kweli.

— Usimdekeze, — Profesa akasema. — Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukoo umesemaje?

— Wazee walikaa jana baada ya misa. Yatima hafukuzwi. Wakaamua watoto wanawishane mikono, wale ugali sahani moja, yaishe, kama wakubwa wanavyopatanishwa.

— Hayo ndiyo maneno! — Profesa akapiga paja.

— Wakubwa hupatanishwa wakikoseana, — Bi Zuhra akasema. — Ida kamkosea nani?

Profesa alikuwa ameshahamia kwenye jinsi upepo wa Ziwa Nyasa unavyochanganya akili za watoto. Ndipo mgeni aliyekuwa akisubiri kuzibiwa pancha, Abdul, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, akakohoa kidogo.

— Shikamooni, wazee. Samahani kwa kuingilia. Sasa hivi huyo mdogo yuko na nani?

Spoku akaweka pampu chini.

— Yuko na Valence, wanakula, — Hironimus akasema polepole. — Mama Ida yuko sokoni. Ida aligoma, akaning'ang'ania suruali akilia. Nikawafungia mlango mpaka wamalize.

Maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni. Akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa humo.

— Yesu wangu!

Kahawa ikamwagika. Hironimus alikimbia bila kuaga, Bi Zuhra nyuma yake na khanga mkononi, akaanza kuita tangu huko barabarani, Ida, Ida weee, akitega sikio, akiomba asikie kilio kilekile alichokifungia mlango.