Bangili Iliyozimika Mkononi mwa Don Eliécer

Mgeni rasmi, Naibu Waziri wa Sayansi, Daktari Ofelia Barragán; Mkuu wa Chuo; walimu wetu; wazazi wetu na wageni wote mliofika: tunawasalimu kwa heshima na kwa furaha.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika uhandisi tiba tunakukaribisha Bucaramanga. Tumesikia mvua imeikata barabara, ukazunguka milima, wala hukughairi. Ahsante. Risala hii tuliiandika kwanza kwa sifa tupu. Ikasomeka vizuri sana, mpaka mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa hapo tumemwambia nini?" Tukaichana. Hii unayoisikia ni ya pili, na imeandikwa na watu waliochanganyikiwa.

TULIKOTOKA

Idara yetu ilianzia katika chumba kilichokuwa cha kufulia nguo. Mpaka leo madaktari wanatuita mafundi, na mafundi wanatuita madaktari. Nyumbani mama zetu hawajui wawaambie majirani kwamba tunasomea nini, ila kwamba tunasoma bado.

TULIYOYAPATA

Mheshimiwa, badala ya kukusomea orodha, tunaomba tukusimulie yaliyompata mwenzetu mmoja, Yurley Quintero. Yeye mwenyewe ameturuhusu, na msimamizi wake, Profesa Arístides Mantilla, tunayemheshimu, ameturuhusu pia.

Yurley alitengeneza bangili ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Ndani yake mna umeme mdogo, wa kutekenya tu, unaopita kwenye mishipa ya fahamu na kuutuliza mkono unaotetemeka. Miongoni mwa waliojitolea kuijaribu alikuwa Don Eliécer Pabón, mshona viatu wa mtaa wa San Francisco hapa mjini. Mikono ilikuwa imemkataa kabisa. Hata supu alikuwa akinyweshwa na mkewe, Doña Belarmina.

Siku alipovishwa, mzee alianza utani. "Binti, nikirudi nyumbani na bangili, mke wangu ataniuliza nimechumbiwa na nani."

"Mwambie umechumbiwa na chuo."

"Na hicho chuo kina mahari?"

"Hakina hata karatasi za kuchapishia, mzee wangu."

Mikono ikatulia. Don Eliécer akarudi kwenye benchi lake, akatunga uzi kwenye sindano mbele ya majirani, nao wakampigia makofi kama aliyefunga goli. Picha zikapigwa, chuo kikazitundika; bango moja umelipita pale mlangoni. Profesa akaanza kumwita Yurley "Daktari" kabla ya wakati wake, na Yurley akawa anageuka akiitwa.

YALIYOTUKANGANYA

Majaribio yalipokwisha, kanuni ilitaka bangili zote zirudishwe. Yurley akaifungua ile ya Don Eliécer ili aisafishe, akakuta waya umeng'oka. Kutu ya jasho ilikuwa imeshaula zamani. Kwa sehemu kubwa ya wakati ule mzee aliposhona viatu, mkononi mwake hamkuwa na umeme wowote. Alikuwa amevaa bangili kama zile za sokoni.

Mwanzoni Yurley alidhani amekosea kupima. Akapima tena. Kisha akaanza kutamani awe amekosea. Mkono ule ulitulizwa na nini? Na wale wagonjwa wengine, ambao bangili zao zilikuwa nzima, walitulizwa na umeme au na matumaini? Akaichukua bangili, akampelekea Profesa.

"Huyo mmoja mtoe kwenye hesabu," Profesa alimshauri. "Waliobaki wanatosha."

"Lakini Profesa, huyo mmoja ndiye aliye kwenye bango."

Profesa akamrudishia bangili mkononi.

Yurley akaenda San Francisco. Doña Belarmina akamkaribisha kwa kahawa nyeusi na arepa ya moto, mkate wetu wa mahindi, akamsogezea kiti karibu na benchi.

"Don Eliécer, ile bangili ilikuwa imezimika."

"Imezimika lini?"

"Siku nyingi. Ulipokuwa unashona, yenyewe ilikuwa haifanyi kazi."

Mzee akacheka. "Basi mkono wangu haukupata habari!"

Hakuna aliyecheka naye. Akaunyoosha mkono, akautazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemficha jambo. Ukaanza kutetemeka, kwanza kidole gumba, halafu kiganja chote. Alipojaribu kushika kikombe, kahawa ikamwagikia ngozi ya viatu aliyokuwa ameshaikata.

"Ungenyamaza, mwanangu," Doña Belarmina alisema taratibu huku akipangusa. "Kwani nani alikuuliza?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Yurley aliondoka na swali hilo, akatuletea sisi. Wengine tulimwambia umefanya vyema, mgonjwa ana haki ya kujua. Wengine tukamwambia umemnyang'anya mzee dawa yake. Wapo waliosema yote mawili siku hiyo hiyo, kutegemea ni saa ngapi umewauliza.

Yurley alirudi kule mara kwa mara, na mara kwa mara mzee hakumjibu salamu. Alikuwa amekwenda na ombi: waanze upya, kwa bangili nzima na bangili mfu, zinazofanana, na yeyote kati yao asijue ipi imevaliwa mpaka mwisho. Hatimaye Don Eliécer aliweka nyundo chini.

"Nimekukasirikia, binti, na bado nimekasirika. Lakini mkono ni wangu. Na mimi nataka kujua."

Katika sura ya mwisho ya tasnifu yake Yurley aliandika kwamba hajui kwa nini mkono ulitulia, na anaomba muda wa kutafuta. Baraza la chuo likajibu kwamba shahada ya uzamivu hupewa aliyegundua jambo, na kwamba nafasi yake ya masomo inakwisha muhula huu.

MAOMBI

Mheshimiwa, kanuni ya muda iko mikononi mwa wizara yako. Tunaomba Yurley aongezewe muda wa kufanya jaribio hilo jipya, hata kama litamalizika kwa kuonyesha kwamba bangili yake haifai kitu.

Tunaomba pia "sijui" iliyopimwa vizuri ihesabiwe kuwa ni kazi. Hatusemi hili kwa ajili ya Yurley peke yake. Wengi wetu tumewahi kukuta jambo lisiloelezeka mezani petu, tukalifunika kwa sababu muda ulikuwa unatukimbia. Hatujui ni nani ameumia kwa ajili hiyo.

Tulikuwa na ombi la mashine mpya. Tumeliacha. Haya mawili yakikataliwa, hatutajua mashine hiyo tuitumie kutafuta nini.

Mwisho, Don Eliécer yumo humu ukumbini, na mkewe kando yake. Ametuuliza akuambie nini; tumemjibu akusalimie tu, yatosha. Mikono ameitia mifukoni kwa aibu. Atakapokunyooshea mkono, tunakuomba, usiuachie upesi.

Mungu akutangulie kwenye ukungu wa milimani, akufikishe salama kwa wanao, na awape nafuu wagonjwa wote wanaotungoja.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Shahada ya Uzamivu, Uhandisi Tiba, Bucaramanga.
Imesomwa kwa niaba yao na Wílmer Rangel.