Rula na Mstari wa Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Karatasi ya kipindi ninayo hapa, nimeisoma mara tatu, na bado sielewi. Twende hivyo hivyo, huenda tukaelewana njiani.

Leo tunamkumbuka mchora ramani wa ofisi ya mipaka ya kata. Majirani walimwita Rula. Ameaga dunia Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minne. Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake. Shikeni hapo, maana ndipo mambo yanapochanganyika.

Miaka minne iliyopita, kabla Rula hajastaafu, baraza lilipunguzwa. Madiwani thelathini wakabaki ishirini na wawili. Ikabidi kata zichorwe upya, kila moja iwe na wapiga kura karibu sawa. Kazi akapewa Rula. Kanuni ilikuwa moja: mstari ufuate njia, usikate nyumba ya mtu.

Sasa sikilizeni. Kwenye ramani ya ofisi palikuwa na kichochoro, na Rula akapitisha mstari hapo. Kumbe kichochoro chenyewe hakipo! Kiliachwa zamani, kikajengewa jiko. Jiko la nani? La Rula mwenyewe. Mji mzima aliuchora, jiko lake akalisahau.

"Mganga hajigangi," binti yake aliniambia. Akacheka, kisha akalia.

Mkewe aliligundua kosa hilo siku ramani ilipobandikwa ukutani. "Nikamwambia, baba watoto, unalala kata hii, unakula kata ile. Sogeza basi, ni unene wa kidole tu!" Rula akakataa katakata. "Nikisogeza, watasema mwamba ngoma huvutia kwake. Ngoja jirani alalamike." Siku zilizotengwa za kupokea malalamiko zikaisha. Nani alalamikie jiko la mwenzake?

Basi, Jumatatu Rula alianguka mlangoni mwa jiko, pale pale mstari unapopita, kikombe cha chai mkononi. Kichwa jikoni, miguu ukumbini. Kibali cha mazishi kinataka barua ya kata alikofia mtu. Karani wa kata ya kwanza akamwambia mama mjane, "Nenda kata ya pili." Wa pili akamwambia, "Rudi ulikotoka." Mama amezunguka siku tatu. Siku tatu, wasikilizaji, na mumewe bado hajazikwa.

Ule ulikuwa uadilifu au ubishi? Sijui. Jana nilisema uadilifu. Leo nimemwona mama huyu ameketi hapa studio, viatu vimejaa vumbi, nikamkasirikia marehemu. Mungu anisamehe.

Poleni sana, mama na binti yako. Nasi tuliobaki, ramani ikibandikwa ukutani tuisome, na tukiona mstari umepita jikoni kwa jirani, tumsemee.

Nilimwuliza mama nifunge kipindi kwa neno gani. Akanitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa.

"Waambie hao makarani, mistari ni yao. Mume wangu alifia kwangu. Waandike hivyo, nimzike."