Komeo na Picha za Kidoti

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imempa mdogo wake marehemu, anayesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, naye ameipokea shingo upande, kwa sababu kaka mwenyewe hakupenda habari zake zijulikane na watu, achilia mbali zisomwe kwa kipaza sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi baiskeli na mama muuza maziwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufunga vitu, sanduku lake la nguo akilizungushia kamba na kulipiga mafundo matatu, ilhali ndani mlikuwa na kaptura mbili na shati la shule, ndipo wenzake wakampachika jina la Komeo, likamganda, na wamo humu watu waliomfahamu miaka thelathini bila kujua kama ana jina jingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, mkabala na kiwanda cha sabuni, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1979, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, lakini mwandiko wake walimu waliusifu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchungulia mtihani wake, kwa jinsi alivyoukumbatia kwa mkono wa kushoto akiandika kwa wa kulia. Baada ya hapo alijiunga na chuo cha utunzaji wa kumbukumbu, akahitimu mwaka 1982.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika hospitali kubwa ya mjini, ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, chumba cha chini chenye dirisha moja lililokuwa likionyesha miguu tu ya wapita njia, na humo alidumu mpaka alipostaafu. Alijua nani ana sukari, nani mimba imeharibika, nani dawa zake hataki mwenziwe azione, na akikutana nao sokoni aliwasalimia kama mtu asiyejua lolote, akauliza hali, akajibiwa nzuri, akashukuru.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na mwokaji mikate, ambaye leo ni mjane wake, nao wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1987 na sasa ni fundi cherehani, binti wa pili aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1996, na kijana wa mwisho aliyezaliwa mwaka 1999, dereva wa lori. Huyo wa pili tulimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho lake la kushoto, alikuwa mtoto mwenye maneno kuliko nyumba nzima, naye alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 22 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka saba. Aliacha albamu moja ya picha, na kaseti moja ambamo anasikika akihesabu mpaka ishirini, kila mara akiiruka kumi na tatu, huku baba yake akicheka kwa nyuma. Mama yake aliviweka vitu hivyo kabatini, na kila alipoviona hata bila kuvifungua, moyo wake ulitulia kidogo.

Mwaka 2012 hospitali iliamua kuachana na majalada na kuweka kila kitu katika hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo vijana wanaiita wingu, na mama mkwe wa marehemu akauliza itakuwaje siku ya mvua. Utaratibu wa kazi ulikuwa mmoja, karatasi inapigwa skani, inakaguliwa kwenye kompyuta, kisha inachanwa, maana karatasi inayobaki baada ya skani ni siri iliyobaki nje. Marehemu aliushika utaratibu huo kama alivyoshika kila kitu, akachana majalada aliyoyatunza kwa mikono yake tangu ujana, na hakulalamika.

Mwaka uliofuata mtu mmoja ofisini, ambaye si marehemu, aliliacha wazi fungu la mafaili, yaani yeyote aliyepata kiungo chake cha mtandaoni aliweza kulifungua bila kuulizwa yeye ni nani, na kabla kosa halijagunduliwa, majibu ya vipimo vya dada mmoja, msusi wa mtaa wetu, yalikuwa yamezunguka kutoka simu hadi simu. Wateja wake walimkimbia, viti vya saluni vikabaki vitupu, na marehemu, kwa kuwa ndiye aliyeyapiga skani majibu yale, alikwenda kumwomba radhi, akamweleza kwamba mafaili yameshafungwa na nakala zinafutwa. Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na vichwani mwa watu utayafutaje?" Kaka alirudi nyumbani, akakaa barazani mpaka chakula kikapoa, na baada ya mwezi yule dada akahama mtaa, hatujui alikokwenda.

Kuanzia hapo Komeo akawa Komeo kwelikweli. Aliwazuia watoto wasiweke picha zao mtandaoni, aliwapitia majirani mlango kwa mlango akiwaomba wafute kwenye simu zao picha za familia yake, na ninyi majirani, pamoja na kwamba mlimcheka, mlimsikiliza, mkafuta. Mwaka 2014 alinunua hifadhi yake mwenyewe ya mtandaoni, ya aina ambayo mafaili yanafungwa kwa maneno ya siri anayoyajua mwenye mali peke yake, hata kampuni yenyewe haina ufunguo, akaiweka albamu yote ya Kidoti humo, pamoja na picha nyingine zote za nyumbani, moja moja, akaihamishia na ile kaseti. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kazini, alikaa mezani na mkasi akazikata zile picha vipande vidogo vidogo, akautoa utepe wa kaseti akaukata pia, na mkewe alirudi kutoka kiwanda cha mikate akakuta kazi imekwisha.

Shemeji alilia, tusifiche, lakini mumewe alimwonyesha picha zile kwenye kompyuta, zikiwa zimesafishwa, ile alama chini ya jicho ikionekana vizuri kuliko kwenye albamu, akanyamaza. Tangu hapo kila tarehe 22 Agosti walikaa pamoja, yeye akageuza kompyuta upande wake, akaandika maneno yake ya siri, akairudisha, wakamtazama mtoto wao na kumsikiliza akihesabu. Siku moja shemeji alimwomba amtajie maneno hayo, naye akamjibu, "Sikufichi wewe, nakukinga. Usichokijua, hakuna wa kukulazimisha ukitaje." Hakuyaandika popote, akasema kichwa chake ndicho sefu.

Alistaafu mwezi Juni 2021, na tarehe 17 Oktoba 2022, akiwa anafunga geti, alipatwa na kiharusi, akakimbizwa hospitali ileile aliyoitumikia. Alipona kwa kiasi, akatambua watu, akaelewa tulichosema, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yamemtoka, yakabaki mawili tu, sawa sawa, aliyoyatumia kwa njaa, kwa maumivu na kwa salamu. Siku ile ya kwanza wodini simu yake, ambayo nayo ilikuwa na njia ya kuingia katika hifadhi ile, ilikuwa bado inafunguka kwa kidole gumba chake, binti mkubwa akaitumia kuwapigia ndugu, hakuna aliyekumbuka picha wakati mtu anapigania uhai, na jioni chaji ikaisha. Ilipowashwa tena ilikataa kidole, ikataka tarakimu, kijana wake akajaribu tarehe za kuzaliwa za nyumba nzima, na katika jaribio la kumi simu ikajifuta yenyewe, kama mwenyewe alivyokuwa ameiagiza.

Familia iliandikia kampuni. Walijibu kwa adabu kubwa, wakatupa pole, wakasema hawana namna, kwa sababu hawana ufunguo na hawakuwahi kuwa nao, na wakaongeza kwamba hifadhi isiyofunguliwa miaka miwili hufutwa, muda ambao unatimia Agosti mwaka huu. Tulisikia kwamba wezi wa mtandaoni wanaingia mpaka kwenye mabenki, kijana akafikia mahali pa kumtafuta mmoja, akamleta fundi aliyejitapa kweli, akakaa siku nzima, akanywa chai yetu, akaondoka kimya. Kwa Komeo hakuna mwizi aliyeingia, na sisi pia hatukuingia.

Kwa hiyo ilibaki kumwuliza yeye. Shemeji alimwuliza kila asubuhi baada ya kumwosha, kwa upole, siku nyingine kwa hasira, na siku nyingine kwa kulia, akimwambia, "Baba, nimeanza kuusahau uso wake." Naye alielewa, na hilo ndilo lililotuumiza, midomo ilihangaika, jasho likamtoka, kisha yakaja yaleyale, sawa sawa, na machozi. Tulimletea herufi za mbao, akazigusa moja moja bila mpango, tukaziondoa kwa kuwa zilimtesa.

Mwishoni mwa Januari hali yake ilibadilika, mapafu yakajaa maji, na tarehe 5 Februari 2024, saa tisa alasiri, aliushika mkono wa mkewe, akakifungua kiganja, akaanza kuandika humo kwa kidole cha kushoto. Aliandika kwa muda mrefu, mstari baada ya mstari, akisimama na kuendelea kama mtu anayekumbuka, wala maandishi hayo hayakuwa na herufi hata moja ambayo shemeji aliweza kuitambua, yalikuwa mizunguko na mikwaruzo mitupu. Alipomaliza alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue, na shemeji akamwambia, "Nimeyapata, baba." Akasema sawa sawa, akafumba macho, na kabla ya magharibi alikuwa ameaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomhudumia kama mwenzao, wafanyakazi wa ofisi ya kumbukumbu, waliotoa picha ya kitambulisho chake cha kazi, ndiyo hiyo mnayoiona juu ya jeneza, maana nyingine hatuna. Tunawashukuru majirani mliopekua simu zenu mkitutafutia chochote, na hasa yule bibi mshonaji aliyetuletea picha ya sherehe ya nyumbani kwake, ambamo nyuma ya meza unaonekana mkono wa Kidoti na upande wa gauni lake. Uso haumo, lakini shemeji analijua gauni lile, aliliosha mwenyewe.

Shemeji ameomba habari ya kiganja isomwe kama ilivyo, na ameomba jambo moja kwenu, mtakapopita mbele ya jeneza kuaga, asiwepo wa kunong'ona kwamba picha zimepotea, kwa sababu kaka ameondoka akijua mlango ameuacha wazi.

Lala, kaka. Umeshatuambia.