Lori la Reli Halipiti Tena

Mshonaji aliyekaa dirishani ndani ya treni alijifanya amesinzia, kumbe masikio kayatega. Mbele yake mama mfuga nyuki alikuwa akimlalamikia abiria ambaye kofia ilimficha uso.

"Lori la kampuni ya reli lilikuwa likifuata asali yangu hadi mlangoni. Sasa wameliondoa, najitwika madumu mpaka stesheni. Na yule dereva hata kutuaga hakutuaga!"

Abiria huyo akavua kofia, akainamisha kichwa. "Dereva ni mimi, mama. Niliona haya kuja bila lori."

"Haya zako zinisaidie nini, baba? Ungekuja tu."

"Kampuni inasema barabara yenu ni hasara."

"Na sisi je?"

Treni ikasimama mjini, mama anakouza asali. Dereva, aliyekuwa akienda mwisho wa reli, akanyanyua madumu ya mama na kushuka naye, huku wakibishana. Mshonaji akasahau kujifanya amesinzia, akawatazama dirishani.