Kikopo cha Ijumaa

Ijumaa, kwenye gari ya Mtambile kwenda Chake, mzee mwenye kanzu nyeupe alimuuliza mama mnene aliyekaa ubavuni pake kikopo alichopakata kina nini.

"Choo changu. Madaktari wanachunguza kama vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyonifanya nile kila nikipata huzuni."

Mzee akaruka. "Najisi! Nami nendako ni msikitini! Huzuni husomewa dua, mwanangu."

"Nimesomewa tangu mume wangu afe, na kila dua huishia kwenye pilau."

Mimi, niliyekaa upande wa pili wa mama, mkate wangu nilikuwa nimeshauhamishia paja la mbali na kikopo.

Gari ikasimama Gombani. Mzee akashuka akiikung'uta kanzu. Mama akatoa kichwa dirishani: "Na uliyoyabeba tumboni, shehe wangu, utayavua mlangoni pamoja na viatu?"