Kurasa za Mwisho za Babu Gundi

Tarehe 30 Novemba, fundi wetu wa kujalidi vitabu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika maktaba hii. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi tunamjua kama Babu Gundi, na hilo ndilo analoliitikia haraka zaidi.

Alianza kama mpanga vitabu rafuni, akahamia chumba cha ukarabati mwaka wa nne, fundi wa zamani alipoanza kusumbuliwa na macho. Chumba chenyewe ni kidogo kiasi kwamba akiingia mtu wa pili, wa kwanza inabidi asimame. Kina meza moja, mashine ya kubana vitabu, sindano, uzi, na taipureta ambayo ofisi ilikuwa imeitupa. Paa lilipovuja juu ya rafu za jiografia, Babu Gundi alileta pasi yake kutoka nyumbani akanyoosha ramani mia mbili, ukurasa kwa ukurasa. Wiki hizo tatu alikuja kazini na mashati yenye mikunjo. Mkuu wa maktaba alimwandikia barua ya pongezi, na nyingine ya kumkumbusha unadhifu. Zote mbili amezibandika ukutani.

Lakini umaarufu wake hasa ni wa riwaya za Krismasi. Mimi nakaa dirisha la kuazimia, nazifahamu: majalada mekundu, theluji, na wapenzi wanaokutana likizoni wakigombania chumba kimoja cha hoteli. Wasomaji wetu hujidai hawazipendi, ila ikifika Oktoba hazikai rafuni. Huazimwa mpaka zikachakaa, na za kwanza kung'oka ni kurasa za mwisho. Babu Gundi alizisoma zote, kila Desemba, akisema fundi lazima ajue anashona nini.

Miaka miwili iliyopita, muuguzi mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alinijia dirishani amenuna. Alisema amesoma riwaya tano na zote zinaisha vilevile: mtu anabisha hodi, anakaribishwa, wanakula, kisha anabaki kusaidia kuosha vyombo. Harusi hakuna, busu hakuna. Nilizifungua. Kurasa za mwisho zilikuwa za taipureta, zimeshonwa kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nikiziazimisha miaka nenda rudi bila kushtuka.

Nilimfuata chumbani kwake na maneno yangu nimeshayapanga. Hakukana. Alisema si ungwana kumwacha msomaji njiani, hivyo kila mara kurasa zilipopotea aliandika mwenyewe kile ambacho angependa kimtokee mtu siku ya Krismasi. Nikamuuliza, huku nikicheka, mbona hawaoani. Akasema ndoa aliwahi kuwa nayo, anaijua, na anachokikosa zaidi ni mtu wa kuosha naye vyombo.

Hapo nikaacha kucheka. Mkewe alifariki katika mwaka wake wa tisa kazini, na hawakujaliwa watoto. Kila sikukuu tulipofunga maktaba, Babu Gundi aliomba ufunguo akisema ana vitabu vya kumalizia. Sisi wenye safari zetu tulimwamini, kwa sababu kumwamini kulitufaa. Mimi naishi mtaa wa pili kutoka kwake. Miaka kumi na tisa ya kufanya kazi naye, sikuwahi hata siku moja kumwambia karibu kwetu. Naona haya kuliandika, lakini nikiliruka nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Mwezi uliopita kamati ya kuaga ilimuuliza angependa zawadi gani. Hakutaka saa ya ukutani wala kiti cha kupumzikia. Aliomba ufunguo wa chumba chake kwa siku moja tu, tarehe 25 Desemba. Kamati ilijadili kwa huruma, ikakataa: kanuni haziruhusu asiye mfanyakazi kushika ufunguo. Alipoambiwa alisema anaelewa, akarudi kushona.

Mchana huohuo nilimwalika kwetu. Alifuta brashi yake ya gundi, kisha akaniuliza mambo mawili: aje saa ngapi, na wageni wa sikukuu kwetu hutakiwa kuondoka saa ngapi, asije akawachosha watu. La kwanza nilimjibu palepale. Kwa la pili nilijifanya naitwa dirishani.

Basi nalijibu hapa, mbele ya wafanyakazi wote. Babu Gundi, ahsante kwa miaka thelathini na miwili, na kwa kila kitabu ulichokirudisha mikononi mwa watu. Tunakuombea afya, na tunakutakia maisha mema yenye watu ndani yake. Njoo saa saba mchana. Saa ya kuondoka hatujaiweka, wala hatutaiweka.